Ripo yako uiweke wapi? Ushauri kwa mnaoanza miradi ya programu huria

Wadogo zangu mnaoanza miradi huria, swali la "kaka niache GitHub niende wapi" naulizwa sana (GitHub ni ile tovuti ambako wengi wanaweka ripo, yaani ghala la msimbo wa mradi na historia yake) na huwa najibu kwa swali lingine, siku ukitaka kutoka huko unakoenda utatokaje? Maana kuingia ni rahisi kila mahali, imeili, nywila, unapushi (unapeleka msimbo wako juu), kwisha. Watu wanakaa kulinganisha ukurasa upi mzuri na upi una rangi za giza wakati cha kuangalia ni utaondoka na nini mkononi siku mwenye nyumba akibadili masharti.

Na atabadili tu, sisemi kwa ubaya. SourceForge ilianza 1999 na kuna miaka ambayo karibu kila programu huria uliishusha pale, ikafika 2015 watu wakakuta faili la kusanikisha GIMP (programu ya kuhariri picha) kwenye Windows limefungashiwa matangazo, na cha kushangaza GIMP wenyewe walishahama pale tangu 2013! Mwenye mali mpya aliyekuja 2016 akaufuta ule mpango wa matangazo ila watu walishaenda zao. Google Code ilifunguliwa 2006, Machi 2015 wakatangaza kufunga, Januari 2016 habari ikaisha, na hiyo ni Google sio kampuni ya uchochoroni. Gitorious mwaka huohuo 2015 ikanunuliwa na GitLab na kufungwa ndani ya miezi. Bitbucket walikuwa wanapokea Mercurial (mfumo wa kutunza historia ya msimbo, mwenzake Git), 2019 wakasema basi, 2020 ripo zote za Mercurial zikafutwa. Hata Git yenyewe imezaliwa kwenye ugomvi wa aina hii, 2005 wenye BitKeeper, mfumo mwingine wa kazi hiyohiyo, waliwaondolea watu wa Linux ruhusa ya kutumia bure, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaanza kuiandika Git Aprili ile.

GitHub je? Microsoft waliinunua 2018 kwa dola bilioni 7.5 za hisa, miaka kadhaa ikabaki na mkurugenzi wake na mambo yake, halafu Agosti 2025 mkurugenzi akatangaza kuondoka na GitHub ikaingizwa kwenye idara ya Microsoft inayoitwa CoreAI. Sasa hapo kila mtu na tafsiri yake, wengine walishakasirika tangu Copilot ya 2021 (AI ya GitHub ya kuandika msimbo) iliyofundishwa kwa misimbo ya watu, na Software Freedom Conservancy, shirika la kutetea programu huria, walianzisha kampeni ya kuwaambia watu wahame toka Juni 2022. Mi sina shida na anayebaki, nataka tu ujue unakaa wapi. Julai 2019 akaunti za watu walioko Iran, Syria na Crimea zilibanwa kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, Iran ikaja kufunguliwa Januari 2021 baada ya kibali. Oktoba 2020 youtube-dl (programu ya kupakua video za YouTube) ikaondolewa kwa barua ya mawakili wa kampuni za muziki, ikarudi Novemba. We uko Dodoma unasema hayanihusu, sawa, ila akaunti yako iko chini ya sheria za nchi ambayo hujawahi kupiga kura, na ukihamia Codeberg, nitakayoieleza mbele, ujue hapo ni sheria za Ujerumani, hakuna pa kukaa pasipo na sheria ya mtu.

Sasa nije kwenye kitu chenyewe. Msimbo wako haunaswi popote. Git kila aliyekloni (aliyejinakilia ripo) ana historia nzima kwenye laptop yake, ukipiga `git clone --mirror` una matawi yote na tagi zote, ukienda seva nyingine `git push --mirror` umemaliza kabla chai haijapoa. Kinachokunasa ni vilivyoizunguka ile ripo: isyu (ripoti za bagi na maombi ya watu), mabishano ya kwenye PR, yaani maombi ya kuingiza mabadiliko (humo ndo kuna sababu za kwa nini mliamua hivi na sio vile), rilizi (matoleo rasmi) na mafaili yake, linki zilizotapakaa kwenye tovuti za watu, mitambo ya CI inayoujaribu msimbo yenyewe kila ukipushi, michango ya hela, na zile nyota ambazo tunajifanya hatuzijali lakini tunazihesabu. Mfano mzuri ni GitLab Januari 31, 2017, fundi wao alifuta data kwenye seva ya hifadhidata isiyo yenyewe, wakaenda kwenye bakapu wakakuta nyingi hazikuwa zinafanya kazi, wakapoteza kama masaa sita ya isyu na maoni na akaunti mpya, na kwa heshima yao walirusha kazi ya urejeshaji mubashara YouTube dunia nzima ikiangalia. Ripo za Git hazikuguswa. Yaani kilichopotea ni kile hasa ambacho wewe huna nakala yake nyumbani.

Kwa hiyo unapokagua hosti yoyote nenda moja kwa moja kwenye hilo, isyu zinatokaje, kuna API (mlango wa programu nyingine kuvuta data) inayotoa kila kitu, na hiyo programu inayoendesha pale ni huria au imefungwa? Hili la mwisho watu wanaliruka ila ndo kubwa kuliko yote, kwa sababu kama programu ni huria basi hosti akizingua unaweza kuisimamisha kwako au kwenda kwa mwingine anayeendesha ileile, na mambo yakaendelea na sura ileile. GitHub huwezi, programu yao imefungwa. GitLab nusu, toleo la jamii ni huria na miradi mikubwa inaliendesha yenyewe, GNOME, KDE, Debian kwa jina la Salsa, lakini vitu vingine viko kwenye toleo la kulipia.

Codeberg ndo nawaelekeza wengi wenu. Ni chama kilichosajiliwa Berlin, kilianza 2018 na huduma ikafunguliwa Januari 2019, kinaendeshwa kwa michango na wanachama wanapiga kura, hakuna hisa za kuuza. Wanachotaka ni mradi wako uwe na leseni huria kweli, kwa hiyo usije ukaenda kule na kazi ya mteja au kuweka bakapu ya picha za harusi, watakutoa na watakuwa na haki. Wanaendesha Forgejo, programu huria ya kuhifadhi ripo, na hadithi yake inafundisha: Gogs, programu ya aina hiyo, ilizaa Gitea 2016, Oktoba 2022 jina na domeini ya Gitea vikajulikana vimehamia kwenye kampuni, baadhi ya watu hawakupenda, Desemba ileile Forgejo ikatangazwa chini ya mwavuli wa Codeberg, 2024 wakaachana kabisa na Gitea na toleo la 9 likaingia leseni ya GPL, inayolazimisha msimbo ubaki huria. Fedora (mradi wa Linux) nao wameichagua Forgejo irithi Pagure, programu yao ya kuhifadhi ripo. Kuna pia Weblate ya Codeberg kwa ajili ya tafsiri, hapo kama una programu unataka ije na Kiswahili mtu asiyejua hata Git ni nini anaingia kwenye kivinjari anatafsiri sentensi moja moja na kazi yake inaingia kwenye ripo. Mi hiyo peke yake ingenitosha.

Ila msiende mmefumba macho. CI ya pale, inayoitwa Woodpecker, unaiomba, haiji yenyewe, na usitegemee mashine za macOS za bure kama ulivyozoea. Kuna siku inakuwa nzito au inaanguka kabisa, na sio uzembe, ni watu wachache na seva chache, halafu miaka hii roboti za kukusanya data za AI zinavamia kila kurasa ya historia ya faili, kurasa ambazo kila moja inaichosha seva, ndo maana ukifungua Codeberg wakati mwingine kivinjari kinapewa hesabu ya kufanya kwanza kabla hujaruhusiwa. SourceHut, hosti nyingine ndogo, nao Januari 2024 walipigwa mashambulizi ya mtandao wakawa chini siku kadhaa. Ukichagua mdogo anayejitegemea umechagua na hilo, ukiona unafaidi changia hata kidogo basi.

SourceHut yenyewe ni ya watu wa aina yake. Hakuna PR, mtu anakutumia pachi (faili la mabadiliko yake) kwa imeili na `git send-email`, hahitaji hata akaunti pale, anayetakiwa kulipia ni mwenye mradi. Vijana wengi wanakimbia wakiona hivyo na siwalaumu, ila fikiria kidogo, Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na Tanzania na Kenya tukawa tunasubiri kurasa zifunguke kama tunasubiri daladala ya usiku, imeili ya kilobaiti chache ilikuwa inapenya. Kernel ya Linux, yaani kiini chake, inajengwa kwa imeili mpaka leo. Na CI yao ikifeli wanakuruhusu kuingia kwa SSH (ukiwa mbali, kwa amri) kwenye ileile mashine iliyofeli ukajionea, raha ambayo sijaiona kirahisi kwingine. Radicle ambayo haina seva kuu kabisa ipo pia, ijaribuni wenye muda, kwa mradi wa kwanza siishauri.

Kuhosti mwenyewe je? Forgejo ni nyepesi, inakaa kwenye VPS (seva ya kukodi) ndogo ya bei ya chini bila shida, GitLab usithubutu kama huna giga kadhaa za ramu za kuchezea. Shida haiko kwenye kusanikisha, hiyo ni jioni moja. Shida ni ukifika mwezi wa tano tangu uanze, umefunga usajili au spamu imejaa? Umeapdeti? Bakapu unaipeleka wapi na je umewahi kujaribu kuirudisha au unaamini tu ipo? Na mchangiaji mgeni lazima afungue akaunti mpya kwako ili aripoti bagi moja, wengi wataghairi. Kwa mtu mmoja na mradi mmoja naona ni mzigo, kwa chuo au kundi la watu wenye fundi wa seva hapo sawa.

Kuhusu ajira najua mtaniuliza. Ndiyo, waajiri wetu wengi wanaomba linki ya GitHub na hawajui kingine, kwa hiyo akaunti usiifute. Weka kioo (nakala inayojisasisha yenyewe), Forgejo ina kipengele cha kupushi kila komiti kwenda kwingine yenyewe, GitHub inabaki nakala ya kuonekana na kwenye README (faili la utangulizi wa mradi) unaandika isyu zinapokelewa wapi. Na isyu za upande ule zima, la sivyo utajikuta unahudumia madirisha mawili na moja utalisahau.

Kama unahama kweli, Forgejo ina kifaa cha kuhamisha, unaweka anwani na tokeni (ufunguo wa kuruhusiwa kuingia), inavuta isyu, lebo, rilizi na PR pamoja na majina ya walioandika. Ila huna ulazima wa kuvuta kila kitu. Zig (lugha ya programu) walipohama GitHub kwenda Codeberg Novemba 2025 waliziacha isyu za zamani kulekule wazi, wakaanza namba mpya toka 30000 ili mtu akitaja isyu namba fulani ijulikane ni ya wapi, mimi naona ni akili sana. Kilichowasumbua zaidi ni hela, walikuwa wanapokea michango kupitia GitHub Sponsors ikabidi wawaombe wachangiaji wahamie Every.org, kwa hiyo kama una wachangiaji fungua njia ya pili ya kuchangia mapema kabla hujahama.

Mawili ya kufanya toka siku ya kwanza hata kama unabaki GitHub. Kwanza nunua domeini, ya .co.tz au yoyote unayoimudu, na linki zote unazowapa watu zipitie hapo. Wanaoandika kwa lugha ya Go hili linawahusu mara mbili, kwa sababu njia ya moduli (jina ambalo programu nyingine zinaliita kuutumia msimbo wako) ikianza na github.com basi imeandikwa ndani ya kila programu inayokutumia, ukihama unawavuruga wote, wakati ukitumia domeini yako na ile meta tagi ya go-import (mstari kwenye ukurasa wako unaoielekeza Go ripo iliko) unabadilisha ripo ilipo na hakuna atakayejua. Pili, kazi za CI ziandike kwenye skripti au Makefile (faili la amri za mradi) ndani ya ripo, faili la CI libaki mistari michache ya kuita hiyo skripti tu. Forgejo Actions, yaani CI ya Forgejo, inafanana na ya GitHub lakini sio pacha, vile vipande vya kuazima kutoka kwa watu vingine vitakugomea, ila `make test` inaitika popote, hata kwenye laptop yako umeme ukiwa umekatika na betri iko asilimia 40.