Mwislamu katika Kwaresima

Mimi ni Mwislamu, na Uislamu wangu unanitosha. Hata hivyo, kila mwaka Kwaresima ya Wakristo huniachia kitu moyoni. Kama nawe unavutwa na msimu wa dini isiyo yako, lakini unachelea kuonekana umehama au kuwakosea wenyewe, haya ndiyo ninayoweza kukuambia.

Anza kwa kuwauliza wenyewe. Hesabu utaipata popote: siku 40, kwa kumbukumbu ya Yesu alivyofunga jangwani, ingawa toka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46, kwa sababu Jumapili hazihesabiwi. Kinachomgusa muumini ni jambo jingine. Nilimuuliza rafiki yangu mwanakwaya, Mkatoliki, ni lipi gumu kwake katika kipindi hiki. Nilitarajia ataje nyama. Akasema, “Aleluya.”

Kumbe katika liturujia yao ya Kiroma Aleluya haiimbwi Kwaresima nzima, mpaka Mkesha wa Pasaka. Usiku ule inaporudi, aliniambia, huimba machozi yakimtoka.

Nililitafakari sana jambo hili. Katika Ramadhani ulimi nao hufunga: Mtume (s.a.w.) amesema kwamba asiyeacha kusema uongo na kuutenda, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Sisi tunaacha maneno maovu. Wenzetu wanaweka kando tamko la furaha, walikose, walitamani. Nikajiuliza, ni neno gani jema linalonitoka moyo ukiwa mbali? Alhamdulillahi. Kuliacha siwezi, wala sitaki. Ila Kwaresima inapoingia, najizoeza kusita kidogo kabla ya kulitamka, hadi nijue ninashukuru kwa lipi. Toka hapo Suratul Fatiha, inayoanza kwa sifa hizo hizo, siisomi tena kwa pupa.

Kwa hiyo chukua jambo moja tu, ulitie ndani ya ibada yako mwenyewe. Mengine waachie wenyewe. Mimi sipakwi majivu wala sipokei komunyo. Nikialikwa kanisani hukaa kwa adabu nikasikiliza. Wala usiharakishe kusema, “Hata sisi tunayo hiyo.” Kwaresima inaelekea msalabani na kwenye ufufuko, na hapo imani zetu zinaachana. Rafiki yangu anajua hivyo, nami najua, na mazungumzo yetu ni ya kweli zaidi kwa sababu hatulifichi.

Nafsi ikikusuta, usikae nayo peke yako. Qurani yenyewe, Al-Baqara aya ya 183, inatukumbusha kuwa saumu walifaradhishiwa pia waliokuwa kabla yetu. Nilipomweleza shehe wangu, aliniuliza swali moja tu: swala zangu zimezidi utulivu au zimepungua? Jiulize hivyo katika ibada ya dini yako. Ukiona zinapungua, acha.