33, 33, 34

Mkiripoti maabara mtapewa koti, mwongozo wa kazi na kiti kilicho jirani na sinki. Mimi niliporipoti nilipewa hivyo vyote pamoja na mzee mmoja.

Tulimwita Sheikhe. Hakuwa sheikhe. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali ya wilaya huko mkoani Tanga, na muadhini wa msikiti wa mtaani kwake. Tumemzika majuzi, ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaoanza kazi.

Wiki yangu ya pili nilisoma BS ya mtoto, yaani slaidi ya damu ya kutafutia malaria, nikaandika "hakuna vimelea". Foleni ilishafika nje kwenye mwembe. Sheikhe akaniuliza, "Umesoma fildi ngapi?" Fildi ni duara moja unaloliona kwenye hadubini kabla ya kusogeza slaidi. Nikajibu mia. Ukweli zilikuwa kama ishirini. Hakunibishia. Aliirudisha slaidi kwenye hadubini, akadondosha mafuta, akaketi. Mkono wa kulia unasogeza slaidi, gumba la kushoto linapita juu ya pingili za vidole, moja baada ya nyingine, taratibu, kama vile nje hakuna mtu. Mwishowe akanipisha kiti. "Tazama." Vimelea viwili vya malaria, umbo la pete, kila kimoja na nukta yake nyekundu na ukingo wa bluu, vimejibanza kando ya seli nyeupe.

"Fildi ya sitini na moja," akasema. Kisha akatoka mbio, na umri wake ule, kumwahi mama wa mtoto kabla hajavuka geti.

Zile pingili nilikuja kuzielewa baadaye. Alihesabu fildi kama anavyovuta uradi baada ya swala: 33, 33, 34, inatimia mia. Kihesabio cha kubonyeza tulikuwa nacho, ila kilikuwa kinaruka namba. Mimi ni Mlutheri, na mpaka leo nahesabu hivyo hivyo.

Basi shikeni hili kwanza: huandiki "hakuna" kabla ya fildi 100 za tone nene (damu isiyotandazwa nyembamba kwenye slaidi), kwa lenzi ya kukuza mara 100. Ukiona vimelea, vihesabu huku ukihesabu seli nyeupe hadi 200. Kama vimelea havijafika 100, endelea hadi seli 500. Zidisha vimelea kwa 8,000, ugawe kwa idadi ya seli ulizohesabu, upate vimelea katika kila mikrolita ya damu. Msidanganywe na urahisi wa kipimo cha haraka cha malaria, kwani vile vinavyotafuta HRP2, protini ya kimelea, huweza kuonyesha mistari miwili wiki kadhaa baada ya mgonjwa kutibiwa akapona. Na Giemsa, ile rangi ya kutia slaidi, ikiwa imechanganywa jana, mwageni. Sheikhe aliimwaga bila kuuliza ni ya nani, na kuna siku ilikuwa ya bosi.

La pili ni gumu zaidi na halimo kwenye mwongozo. Mji mdogo huu. Mtu uliyemsoma makohozi asubuhi utakaa naye mkeka mmoja msibani jioni. Watu watakuvuta pembeni: "Ati yule majibu yake yalikuwaje?" Sheikhe aliulizwa hivyo na jirani, na shemeji, na mara moja na mtu mkubwa aliyekuja na gari. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Hiyo ni amana, na mwenyewe yupo. Kamuulize." Shemeji yake alimnunia miezi. Mimi nilikuwa naona anazidisha, mpaka nilipopima mtu wa nyumbani kwangu na nikatamani kila mtu pale ndani awe kama yeye.

Damu nayo. Ikishatolewa inakaa siku 35 tu kwenye friji, nyuzi 2 hadi 6. Shule zikifungwa Juni na Desemba tunapungukiwa, kwa sababu wanafunzi ndio wachangiaji wetu wakubwa. Ramadhani ndiyo kabisa. Sheikhe aliomba vitanda vipelekwe uwanja wa msikiti usiku, baada ya tarawehe, watu wameshafuturu na kunywa maji. Jumapili alikwenda kanisani na kanzu yake, padre akampa dakika tano baada ya matangazo. Alisema amekuja kuomba kitu kisichoingia kwenye kapu la sadaka. Watu walicheka, na siku hiyo tuliishiwa mifuko. Hakuwa msemaji hodari, alikuwa na kigugumizi kidogo, ila kila msimu alirudi.

Siku ya hitima yake nilikuwa zamu. Rafuni kulikuwa na slaidi tatu, ya mwisho ya mtoto wa miezi tisa. Nilifika wali umeshapoa, wasomaji wanavaa viatu. Mjane wake akanifunulia sahani aliyoniwekea. Akaniuliza, "Umeacha slaidi ngapi?"

Nikamwambia sikuacha hata moja, akaniongezea mchuzi.