Moshi wa seredani si dawa ya utumbo
Eti kujifungia chumbani na seredani ya makaa kunaponyesha utumbo? Hapana sheikh, hakuponyeshi, kunaua. Kaboni monoksaidi, gesi itokayo kwenye makaa yanayowaka, hushikana na himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na chumba kilichofungwa hakina msalie mtume. Walichosikia watu ni hiki: kwa kipimo kidogo gesi hiyo imepunguza kuvimba kwa utumbo mpana kwa panya wa maabara. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliigeuza povu, kama krimu ya keki hivi, wakaipitisha njia ya haja kubwa ili ifanye kazi pale pale na kidogo tu iingie kwenye damu. Kwa binadamu bado si tiba. Mwenye vidonda vya utumbo mpana asiache dawa yake ya mesalazini aliyoandikiwa.