Kutoka Luteni Usu mpaka Brigedia Jenerali: nani anafika na nani anabaki njiani

Mkuu, umesema mdogo wako kamaliza Monduli, chuo cha maafisa wa jeshi, juzi, kavishwa nyota yake moja, na unauliza mambo mawili: mtoto wa mkulima anaweza kufika Brigedia Jenerali bila kuwa na mtu huko juu? Na kwa nini maafisa wengi wanaishia Meja? Mimi nimestaafu JWTZ nikiwa Luteni Kanali, nimepita kombania, yaani platuni kadhaa kwa pamoja, nimepita ugavi, nimepita makao ya brigedi, basi nakujibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe.

Anaweza, tena vizuri tu. Ila raia wengi wanadhani vyeo vinakwenda kwa ukakamavu, nani ana shabaha, nani mkali kwa askari. Hayo yanakusaidia ukiwa na platuni, watu kama thelathini hivi, unawajua wote kwa majina, unajua nani mkewe anauguza na nani ukimpa ruhusa ya kutoka anachelewa kurudi. Luteni Usu, Luteni, Kapteni, hapo kama nidhamu yako iko sawa na kozi unafaulu utapanda tu. Shughuli ni kuanzia Meja kwenda Luteni Kanali, Kanali, mpaka Brigedia Jenerali. Brigedi moja ina vikosi kadhaa na kila kikosi kina wakuu wa kombania kibao, lakini kamanda wa brigedi ni mmoja, sasa hao wote wataenda wapi? Na kila cheo kina umri wake wa kustaafu, kwa hiyo Meja asiyepanda muda ukifika anakabidhi vifaa anaenda nyumbani, hata kama bado ana nguvu zake. Wala sio kwamba kashindwa kazi, nafasi hazikutosha.

Sasa nani anapita? Kwa macho yangu ni yule anayeweza kazi ya unadhimu, yaani kukaa mezani na kupanga mambo ya watu asiowaona. Kuna zoezi moja mimi nikiwa afisa ugavi wa kikosi, tunajiandaa kuhama usiku, maafisa vijana wamezunguka ramani wanabishana kombania ipi ipite kushoto. Mzee wetu, mtu mpole sana, akanivuta pembeni. Malori mangapi yanatembea? Sio yaliyoandikwa kwenye karatasi, yanayotembea. Nikamtajia. Dizeli iko wapi saa hii? Nikamwambia. Bozi la maji, lile lori la tangi, likikwama kwenye mchanga askari watakunywa nini kesho? Nikamwonyesha mgao wa madumu, kila lori na yake. Akachukua penseli, akafuta saa ya kuondoka kwenye amri, akaisogeza mbele, akaniambia waambie wale wanaobishana kwamba hatuondoki mpaka lori la mafuta lifike. Walinung'unika sana. Tukafika wote, na hakuna gari lililolala njiani. Yule mzee alikuja kuwa Brigedia Jenerali na mimi sikushangaa hata kidogo.

Chukua mfano wa mapigano ya Lukaya, mji wa Uganda, Machi 1979, kwenye vita vya Kagera. Jioni ya tarehe 10 Brigedi yetu ya 201 ilirushiwa makombora mazito ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin, ikatawanyika. Wakati huo Brigedi ya 208 iko mbali, kama kilometa 60 kaskazini magharibi, ikaambiwa igeuke haraka iende kukata barabara ya Kampala. Alfajiri ya tarehe 11 adui akakuta anapigwa pande mbili. Watu wanapenda kusimulia mizinga ya siku ile, mimi nawaza ule usiku: brigedi nzima inageuzwa gizani, risasi zake, mafuta yake, majeruhi wake, na mtu anatakiwa aamue sasa hivi huku taarifa alizonazo ni nusu nusu. Hiyo ndio kazi ya afisa mkuu.

Na aliyekuwa anaongoza Divisheni ya 20, yaani brigedi hizo zote kwa pamoja, pale ni David Musuguri, mtu wa Butiama, aliyeingia KAR, jeshi la kikoloni la Mwingereza, mwaka 1942 kama askari wa kawaida na kupigana Madagaska. Hakupitia chuo cha maafisa mwanzoni, hakuwa na mjomba serikalini, serikali yenyewe ilikuwa ya Mwingereza! Mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi mpaka 1988, na amefariki 2024 akiwa na miaka 104. Kwa hiyo dogo akikwambia bila mtu haiwezekani, mpe jina hilo.

Sitakudanganya kwamba kubebana hakupo, jeshi ni binadamu, na vyeo vya ujenerali anatoa Rais mwenyewe kama Amiri Jeshi Mkuu, huko juu kuna mengi yanaangaliwa zaidi ya karatasi. Lakini mpaka jina lako lifike mezani kule kuna ripoti zako za miaka yote zimetangulia, na kuna Duluti, chuo cha ukamanda na unadhimu. Duluti ndio chujio, nakwambia. Pale hupimwi kwa kukimbia, unapewa hali fulani ya vita, unaandika tathmini usiku kucha, asubuhi unasimama kuitetea mbele ya wenzako na wakufunzi, na mle darasani kuna maafisa wa nchi nyingine pia. Nimeona makapteni na mameja hodari kabisa porini wanatoka jasho kwenye kurasa mbili za maandishi, iliniuma kuwaona, maana hakuna aliyewaambia mapema.

Kwa hiyo mwambie dogo aanze sasa hivi akiwa bado na nyota moja, asome, aandike, Kiswahili na Kiingereza vyote, akipewa kazi ya uajutanti, yaani kumsaidia mkuu wa kikosi mambo ya ofisi, au ya ugavi asikimbie akidhani ametupwa ofisini. Akipata nafasi ya misheni ya UN aende, Brigedia Jenerali Mwakibolwa ndiye aliyeongoza ile brigedi ya UN kule Kongo mwaka 2013, chini yake kuna Wasauzi na Wamalawi, pale lazima ujue kufanya kazi na watu wasiokuwa wako. Na kama bado hajaoa, akipata mchumba amweleze mapema habari ya uhamisho, leo Songea kesho Ngerengere, watoto wanabadilisha shule katikati ya mwaka. Kwangu hilo lilikuwa gumu kuliko zoezi lolote, na mke wangu ndiye aliyelibeba.