Mkanda wa taimingi kwenye Impreza ya zamani: usisubiri dalili

Karibu kila anayenunua Subaru Impreza WRX yake ya kwanza huja na swali lilelile: nitajuaje kwamba mkanda wa taimingi umechoka? Hutajua. Breki zikiisha zinalia, klachi ikichoka inateleza, lakini mkanda huu haupigi hodi. Asubuhi gari linawaka bila shida, jioni linarudi nyumbani kwa kuvutwa. Ndiyo maana uamuzi wa kuubadilisha hautokani na jinsi unavyoonekana wala gari linavyokimbia. Unatokana na historia yake, na historia hiyo ama unayo ushahidi wake au huna.

Ninazungumzia WRX na STI zilizotengenezwa kuanzia 1992 hadi 2007, zenye injini ya EJ20 ya turbo. Ndizo tunazokutana nazo sana gereji, na mapenzi ya watu wetu kwa Impreza si ya jana. Dereva Colin McRae alishinda nayo Safari Rally kule Kenya mwaka 1997, na wapo wazee wa kazi wanaoisimulia hadi leo.

Kwenye injini hii mkanda mmoja mrefu unazungusha kamshafti nne, yaani mihimili inayofungua valvu, na mgongo wake laini unazungusha pampu ya maji. Valvu na pistoni hupishana kwenye nafasi ileile kwa zamu. Mkanda ukikatika, au ukiruka meno machache tu, zamu zinavurugika, pistoni inapanda valvu ikiwa bado chini, na valvu inapinda. Zipo 16. Hapo silinda hedi zote mbili zitashuka, na mara nyingi injini nzima itatolewa nje. Si injini zote ziko hivyo. Mazda Roadster za miaka ya 1990 mkanda ukikatika gari linazima tu, unafunga mwingine, unaendelea na safari. Kwa hiyo rafiki yako wa Roadster akikwambia "mimi nasubiri ukatike ndipo nibadilishe", yeye yuko sahihi kwa gari lake, na wewe ukimfuata umeua injini.

Sasa namba. Japani kipimo kinachotumika ni kilomita 100,000. Vitabu vya Marekani vya WRX za mwanzoni mwa miaka ya 2000 vinasema maili 105,000 au miezi 105, kitakachotangulia. Vijana wanaisoma ile 105,000 mtandaoni wakidhani ni kilomita, kumbe ni karibu kilomita 169,000. Halafu wanaruka kabisa sehemu ya miezi, ambayo ndiyo inayowahusu zaidi. Miezi 105 haifiki miaka tisa. Gari la mwisho katika kundi hili ni la 2007. Mkanda wake wa kiwandani, kama bado upo, muda wake uliisha zamani hata kama odometa inasoma 70,000. Na odometa yenyewe usiiamini sana, maana kurudisha kilomita nyuma ni biashara ya watu.

Mimi kwa mazingira yetu nashusha kipimo: kilomita 80,000 au miaka sita. Kwenye foleni ya Mandela au Thika Road injini inazunguka saa nzima huku odometa ikisogea kilomita chache, na joto chini ya boneti la gari la turbo si la kawaida. Gari la wikiendi linaloshinda limefunikwa turubai nalo halijasalimika. Raba inazeeka hata ikiwa imekaa.

Ushahidi unatafutwa wapi? Anza kwenye gari lenyewe. Gereji nyingi za Japani zikibadilisha mkanda hubandika stika ndogo kwenye kava la plastiki la mbele ya injini, au sehemu nyingine ndani ya boneti, yenye tarehe na kilomita. Hapa wageni hupotea, kwa sababu mwaka mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao. Ukikuta 平成 au herufi H mbele ya namba, ongeza 1988: H18 ni 2006. Ukikuta 令和 au R, ongeza 2018. Nimeona mtu akisoma 18 akafurahi kwamba mkanda ni wa 2018, kumbe ulikuwa na miaka 12 zaidi ya alivyodhani. Kisha fungua dashibodi upande wa abiria, mara nyingine kitabu cha matengenezo kimesafiri na gari. Piga picha kurasa zake hata kama hujui Kijapani, zitasomeka kwa simu.

Kwa muuzaji wa hapahapa uliza mambo manne: lini, kwenye kilomita ngapi, vifaa vya kampuni gani, fundi nani. Akijibu "ulishabadilishwa, juzijuzi tu", hesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama yake iingie kwenye bei kabla hujatoa pesa. Na kwa Kenya, ambako gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likiwa na zaidi ya miaka minane, Impreza ya 2007 iliingia kabla ya 2016. Hata kama mwenye nalo wa kwanza aliweka mkanda mpya siku lilipotoka bandarini, nao umeshapitwa na muda.

Watu hupenda kufungua kava la pembeni, boliti chache za spana ya 10, wamulike tochi. Si vibaya, ila ujue unachotafuta. Mikanda ya sasa imetengenezwa kwa raba ambayo haipasuki nyufa kama ile ya zamani. Inaweza kuwa safi na nyeusi mpaka siku meno yanaponyofoka. Ukikuta nyufa au kingo zinazochanika nyuzi, usiwashe tena. Ukikuta umependeza, hujapata jibu lolote. Kinachostahili kumulikwa hasa ni majirani zake: oili iliyolowa kutoka kwenye sili ya krenki (mhimili mkuu wa injini) au ya kamshafti, alama za kulenti (maji ya kupoza injini) iliyokauka chini ya pampu ya maji, na kava lenyewe kama limevunjika au halina boliti. Boliti hizo hushika kutu, fundi mwenye haraka anazikata na kuondoka, na mchanga unapata mlango.

Masikio nayo yatumike. Mlio wa kugongagonga upande wa mbele injini ikiwa baridi, unaopotea baada ya dakika chache, unaweza kuwa tenshena ya mafuta, ile inayokaza mkanda, iliyoishiwa nguvu. Unaweza pia kuwa pistoni, ambazo kwenye EJ zina tabia hiyohiyo. Weka bisibisi ndefu kwenye kava la mkanda, mpini sikioni, kisha isogeze hadi ubavuni kwa bloku. Penye kelele zaidi ndipo penye tatizo. Mlio mwembamba wa kusaga unaopanda na kushuka na mzunguko wa injini ni beringi ya aidla, yaani puli inayoongoza mkanda, na huo hausubiri mwisho wa mwezi.

Hilo la aidla nataka ulishike vizuri. Mara nyingi anayeua injini hizi si raba, ni kipande cha chuma kinachoizungusha. Beringi ya aidla yenye meno inakauka grisi, inakwama, na mkanda mzuri kabisa unakatwa nayo. Pampu ya maji ikikwama, mwisho ni uleule. Kwa hiyo kubadilisha mkanda peke yake ili kuokoa pesa ni kujidanganya. Nunua seti: mkanda, aidla zote, tenshena, pampu ya maji, na ongeza thermostati kwa kuwa imekaa palepale chini ya pampu. Sili ya krenki ibadilishwe. Sili za kamshafti zikiwa kavu, mimi naziacha.

Dukani, iwe Gerezani kule Dar es Salaam au Kirinyaga Road kule Nairobi, boksi halitoshi, maana maboksi yanaigwa vizuri kuliko vilivyomo. Shika aidla mkononi uizungushe kwa kidole. Nzuri inasita, inazunguka kidogo na kusimama, kwa sababu grisi imejaa ndani. Inayozunguka kwa muda mrefu huku ikitoa sauti kavu, irudishe kaunta. Mimi nachukua seti yenye vipande vya Aisin, NTN au Koyo, na naona kampuni imechongwa kwenye chuma chenyewe kabla sijalipa.

Kuna kosa moja linalorudiwa sana na linaniudhi. Injini inakufa, mtu ananunua injini ya mtumba kutoka Japani au Dubai, inafungwa kwenye gari kama ilivyoshuka kwenye kontena. Mkanda uliomo una umri gani? Hakuna anayejua, na injini iko sakafuni, radieta haipo, kila kitu kinafikika kwa mkono. Hakuna siku nyingine kazi hiyo itakuwa rahisi hivyo. Seti mpya ifungwe kabla injini haijapanda.

Je, unaweza kusubiri? Kama una risiti ya miaka mitatu iliyopita na hakuna oili wala mlio, endelea na maisha yako. Kama huna ushahidi wowote na seti iko njiani, endesha inapobidi tu, na usiizungushe injini kwa kasi kubwa. Safari ya Dodoma ingoje.

Kwa wanaoanza kujifunza kazi yenyewe, tahadhari mbili. Puli yenye meno ya krenki, ile inayovuta mkanda, ina mshale mbele unaovutia macho, nao ni wa pistoni namba moja kufika juu, usiufuate. Alama ya taimingi ni kimstari kidogo kwenye ukingo wa nyuma wa puli hiyohiyo, kinachokaa sawa na alama ya kwenye pampu ya oili, saa 12. Hapo pistoni zote ziko katikati ya safari, valvu haziguswi. Ya pili: kamshafti za upande wa kushoto zimebanwa na springi, ukitoa mkanda zinaruka ghafla, na valvu zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe. Zishike kwa kifaa chake, au kwa spana taratibu.

Tenshena ya zamani, ikibidi kuirudisha, ibanwe kwenye jiliwa ikiwa wima, polepole, ndipo upitishe pini. Ukishamaliza, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, upande inakozungukia injini, kisha angalia upya. Mistari iliyochorwa kwenye mkanda haitakaa tena mahali ulipoiweka, na hapo wengi hushtuka na kufungua upya. Hiyo mistari kazi yake ilikwisha wakati wa kufunga. Alama za kwenye puli zikirudi sawa na alama za kwenye injini na makava ya nyuma, rudisha radieta, weka kulenti, washa.