Uliza Mwalimu: Kikosi cha Simba anakijua chote, kusoma hawezi

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, yuko la tatu shule ya serikali hapa Morogoro. Kuongea anaongea vizuri tu, mpira akiusikiliza redioni anakuhadithia mechi nzima nani kampa nani pasi, kikosi cha Simba anakijua mpaka wa benchi. Ila kusoma hamna kitu. Mi nilijua anasoma maana kitabu cha la pili alikuwa anakitiririka bila kusita, juzi nikafunika picha kwa mkono akaanza kusema vitu ambavyo havipo hata kwenye ukurasa ule, kumbe kakariri! Baba yake anasema ni uvivu na anamchapa. Mwalimu wa darasa kanishauri nimhamishie shule yenye kitengo cha ulemavu wa akili. Kweli mwanangu ana ulemavu wa akili? (Mama K.)

JIBU: Marahaba mama K. Kumpima mtoto kwa barua haiwezekani, ila kwa ulivyoandika hapo sioni ulemavu wa akili. Mtoto anayekariri kitabu kizima ili mama yake asijue hasomi anafanya kazi kubwa kuliko wenzake wanaosoma, sasa huo uvivu uko wapi?

Kabla ya yote mpeleke akapimwe macho na masikio, maana kuna watoto wameitwa wazito miaka na miaka kumbe ubao hawauoni. Vikiwa sawa, inawezekana ni disleksia, yaani akili iko vizuri ila kuunganisha herufi na sauti yake ndo kunamshinda. Mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Kwa hio siku mkiwa wawili tu, bila ugomvi, muulize mzee kwake yeye kusoma kulikuwaje alipokuwa mdogo, na kwa kaka zake. Unaweza ukashangaa (wapo wanaochapa watoto kwa kitu kilichowatesa wenyewe darasani). Fimbo ikome vyovyote vile, mtoto akiogopa hata zile silabi chache alizoshika zinapotea.

Nyumbani anza na mdomo, kitabu weka pembeni kwanza. Muulize "kalamu" inaanza na sauti gani, ukitoa "ka" kinabaki nini, fanyeni mchezo mkiwa mnachambua mboga. Akishazoea ndo mwingie herufi, na sio zote kwa mpigo. B na d usimfundishe siku moja, wala m na n. Mwambie aandike mchangani kwa kidole huku anatamka kwa sauti, yaani mkono, jicho na sikio vyote vifanye kazi pamoja. Uzuri wa Kiswahili ni kwamba kinaandikwa kama kinavyotamkwa kwa hio watoto wa hivi wengi wakifundishwa silabi kwa utaratibu wanafika, ila wanafika polepole sana, na kinachowaua ni yale maneno yetu marefu, mtoto akianza "tutakapowatembelea" anafika mwisho kashasahau mwanzo. Mkatie vipande, tu, taka, po, wa, tembelea, funika kwa karatasi umfunulie kimoja kimoja. Robo saa kwa siku inatosha, akichoka acheni.

Kuhusu kitengo, usikubali haraka hivyo. Mwalimu wake sidhani kama ana nia mbaya, ndo njia aliyoiona. Ila Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma shule ya kawaida, na elimu jumuishi maana yake ni shule ijirekebishe imfae mtoto, sio kumhamisha kila anayesumbua. Nenda halmashauri umuone Afisa Elimu Maalumu, omba mtoto afanyiwe upimaji, na beba madaftari yake yote ya nyuma, yale machafu ndo yatasema zaidi. Wakati unasubiri, mwombe mwalimu mambo mawili tu, asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake, na sayansi amuulize kwa mdomo. Hapo ndo atajua huyu mtoto ana nini kichwani.

Alafu fanya hima maana mwakani ana upimaji wa darasa la nne. Utaratibu wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, unawapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 za ziada kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Ila sikiliza taarifa zao kila mwaka, wanataja wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, ulemavu wa akili, ulemavu wa viungo. Mtoto kama wako hatajwi, na huo kwangu ni upungufu mkubwa, tena unakera. Ndo maana nasisitiza upate karatasi ya upimaji mapema, umuulize mwalimu mkuu kabla ya usajili kama anaweza kumuombea huo muda. Ukikumbuka siku ya mtihani umechelewa.

SWALI: Mwalimu, darasani nina watoto zaidi ya tisini, madawati hayatoshi, alafu semina zinatuambia elimu jumuishi. Kwa mikono ipi? (Mwalimu wa la pili, Kahama)

JIBU: Mwenzangu, una haki ya kulalamika. Serikali imeshaandika mikakati ya elimu jumuishi tangu 2009 na walimu waliosomea elimu maalumu pale chuo cha ualimu Patandi bado hawajazifikia shule zote, kwa hio mzigo unakuangukia wewe. Sitakwambia uandae somo la kila mtoto peke yake, huo utakuwa utani. Ila vipo visivyohitaji hela wala muda. Andika herufi kubwa ubaoni na acha nafasi. Maelekezo ya zoezi yasome kwa sauti mara mbili, maana kuna mtoto anajua jibu ila swali ndo hajalisoma. Wanaokwama waketi mbele karibu na wewe, kila mmoja na mwenzake anayesoma vizuri na mwenye moyo mzuri, sio yule wa kumcheka. Na kunakili ubao mzima waachie hao watoto, waandike mistari mitatu inatosha, ukisahihisha sayansi usikate maksi za tahajia. Wenzao tisini hawatapungukiwa kitu.

SWALI: Mimi niko Nakuru, binti yangu yuko gredi ya tano na mambo ni hayo hayo. Hapa Kenya naanzia wapi? (Baba N.)

JIBU: Kaka, nyie mna afadhali kidogo. Ulizia kituo cha EARC cha kaunti yako, hivyo vituo vya kutathmini watoto vilianza 1984 na kazi yao ndo hii. Kule KISE, taasisi ya elimu maalumu iliyoko Kasarani, Nairobi, pia wanatathmini. Ripoti utakayopewa toa kopi, moja iende kwa mwalimu mkuu, na uulize mapema kuhusu mtihani wa gredi ya sita.

SWALI: Kuna mtu kaniuzia vidonge vya kuongeza akili, anasema miezi mitatu mtoto atasoma. Nimpe?

JIBU: Usimpe. Disleksia haina kidonge. Kama hujamaliza kulipa usimalizie, hio hela nunua vitabu vya hadithi vyenye maandishi makubwa.