Kwa nyie mnaoanza kufuatilia zahanati binafsi upande wa wajawazito

Wadogo zangu mlioingia juzi kwenye hizi timu za ubora, siku ya kwanza msiende na fomu. Mwenye zahanati akiona mgeni kashika makaratasi anajua ni wa leseni au wa kodi, atakuagizia soda, atakutembeza leba iliyopigwa deki asubuhi hiyohiyo, unaondoka hujaona kitu. Nenda mikono mitupu umuulize wanaojifungua kwake ni wangapi kwa mwezi na kwa nini wengine wanahudhuria kliniki kwake afu uchungu ukianza wanakimbilia kwingine. Hilo litamkuna maana ni hela yake inayotoka mlangoni. Watu wa miradi wanaona aibu kuongea hela na mtu binafsi, sijui kwa nini, yule ana kodi ya nyumba na mishahara.

Halafu ujue nani anazalisha usiku. Jina la daktari liko kwenye bango lakini saa nane usiku utamkuta nesi mmoja na mhudumu, na nesi mwenyewe mara nyingi mchana alikuwa zamu hospitali ya serikali. Semina ya hotelini anaenda mganga mfawidhi, posho anapata yeye, nesi wa usiku anasikia stori tu. Ndo maana mi nasema mazoezi yafanyike palepale leba, dakika 20 zinatosha, mwanasesere na ambu (kile kifuko cha kubonyeza cha kumpa mtoto hewa), maana mtoto asiyepumua anatakiwa aanze kupewa hewa ndani ya ile dakika ya kwanza na hiyo haikai kichwani bila mikono kuzoea. Na mrudie rudie, ajira za serikali zikitangazwa mliowafundisha wanaondoka wote. Ukikuta patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ina mstari umenyooka kama rula ujue imejazwa asubuhi, ila usimwaibishe mbele ya bosi wake, muulize pembeni usiku ule alikuwa na wagonjwa wangapi.

Friji fungua mwenyewe, usisubiri kuambiwa. Oksitosini, sindano ya kukaza kizazi ili mama asitoke damu nyingi, inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8, wewe utaikuta mlangoni imebanana na chupa za maji na kontena la chakula cha mtu, na LUKU iliisha juzi usiku friji ikazima mpaka kumekucha. Mama anachomwa uniti 10 zake vizuri kabisa, kizazi hakikazi vile inavyotakiwa, sista anashangaa kafuata mwongozo. Kipimajoto cha friji ni hela ndogo sana kulinganisha na hiyo balaa.

Kuhusu damu anayotoka mama akishajifungua, macho yanadanganya, kila mtu anakadiria chini. Kuna ule mfuko wa plastiki wenye alama za mililita unaowekwa chini ya mama, utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023 (hospitali za Tanzania na Kenya zilikuwemo) uliutumia pamoja na kutoa tiba zote kwa mpigo badala ya moja moja, na kesi mbaya za kutoka damu zikapungua kwa 60%. Waonyesheni hiyo.

Sasa rufaa, hapa ndo pagumu kuliko pote. Zahanati nyingi zina bei moja ya kujifungua na inalipwa mtoto akishatoka, kwa hiyo mama akipewa rufaa saa kumi usiku mwenye zahanati kapoteza dripu, glavu na usiku mzima bila kitu, na akifika kule juu nesi wake anafokewa mbele ya ndugu, "mmesubiri achoke ndo mnatuletea." Wewe ungekuwa yeye ungewahi kweli? Mshaurini agawe bei kwa hatua, uangalizi wa leba uwe na bei yake, ili kumtoa mama mapema isiwe hasara. Afu mfuateni matroni wa hospitali inayopokea, mkae naye na wenye zahanati wa eneo lile wabadilishane namba za simu, akipokea mama arudishe jibu kaendeleaje, hata meseji mbili. Namba ya m-mama, ule usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga, 115, ibandikwe ukutani leba kwenyewe, sio ofisini kwa bosi ambako usiku pamefungwa.

Mkikwama na mwenye zahanati mbishi msimshtaki haraka kwa mratibu wa wilaya, mpelekeni kwanza kwa mwenzake aliyeshabadilisha bei akamwonyeshe daftari la mapato.